Mzazi, kabla hujanunua diski ya nje ya kompyuta, soma hapa

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka minne. Alipofikisha mwaka mmoja na nusu alianza kupata vipindi vya kukakamaa huku macho yakigeukia upande mmoja. Mara ya kwanza alikuwa na homa, tukasema ni degedege. Mara ya tatu hakuwa na homa kabisa.

Daktari aliyemwona alimpa dada ushauri ambao nimeusikia pia kwa madaktari wengine wa watoto katika kazi yangu ya kuandika habari za afya. Kipindi kikianza, mlaze mtoto kiubavu mahali salama, usimtie kitu chochote mdomoni, na angalia saa. Kikizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Kama kuna mtu wa pili hapo nyumbani, achukue video kwa simu.

Sababu ya video ni rahisi. Ni nadra mtoto kupata kipindi akiwa mbele ya daktari, na mama aliyejaa hofu hawezi kukumbuka ni mkono upi ulianza kutetemeka. Video ya sekunde 40 inakumbuka.

Dada alikusanya video kumi na moja ndani ya miezi minane. Simu ikajaa, akazihamishia kwenye kompyuta mpakato. Kompyuta nayo ikajaa, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na picha za harusi, kazi za ofisini na katuni za watoto. Akanunua diski ya nje, ile ambayo madukani wengi tunaiita eksteno, ya bei nafuu kuliko zote alizoonyeshwa. Akaiacha mezani usiku ikihamisha mafaili. Asubuhi mtoto alivuta waya, diski ikaanguka sakafuni huku ikiwa bado inafanya kazi. Ikaanza kugonga kwa ndani, tak, tak, tak, na haikufunguka tena.

Fundi alituambia kuwa kuokoa vilivyomo kunawezekana wakati mwingine, lakini gharama ni kubwa na hakuna uhakika. Wiki chache baadaye mtoto alipewa rufaa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Jambo la kwanza aliloomba ni video za vipindi vya mwanzo. Hazikuwepo.

Mtoto sasa yuko kwenye dawa na anaendelea vizuri. Lakini ilibidi tusubiri kipindi kingine kitokee ndipo daktari aone kwa macho yake, na hakuna mzazi anayetamani kusubiri kitu cha namna hiyo. Dada aliponiomba nimsaidie kuchagua diski nyingine, nilitumia Jumamosi mbili Kariakoo na jioni kadhaa nikisoma maelezo ya nyuma ya maboksi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kasi si anasa

Nilidhani kasi ya diski ni jambo la wapiga video na vijana wa michezo ya kompyuta. Nimebadili mawazo. Kwa mzazi mwenye kazi, watoto na umeme unaokatika bila taarifa, kasi ndiyo inayoamua kama nakala ya akiba itafanyika au haitafanyika.

Tuchukue mfano wa mafaili ya gigabaiti 100, kiasi ambacho familia yenye simu mbili hukifikia bila kujua. Diski ikichomekwa kwenye tundu la zamani la USB 2.0, kasi halisi ni kama megabaiti 35 kwa sekunde. Kazi hiyo itachukua karibu dakika 48. Diski ya kawaida ya kuzunguka ikiwa kwenye tundu jipya zaidi hufanya megabaiti 120 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ni dakika 14. Diski ya SSD ya megabaiti 500 kwa sekunde humaliza kwa zaidi kidogo ya dakika tatu.

Dakika 48 zikichanganyika na picha ndogondogo nyingi huwa saa mbili. Kazi ya saa mbili unaiacha usiku mezani, kama alivyofanya dada. Kazi ya dakika tatu unaifanya ukiwa umekaa hapohapo, kisha unachomoa waya na kuweka diski kabatini, mbali na mikono midogo.

Kuna diski za aina mbili

Aina ya kwanza ni HDD. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu ya sahani hizo kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea bila kugusa. Ikitikiswa au kuangushwa wakati inazunguka, kichwa hugonga sahani. Ule mlio wa tak, tak mara nyingi ni dalili ya kichwa kilichoshindwa kufanya kazi yake. Ukiusikia, zima mara moja. Kuwasha na kuzima tena na tena kwa kujaribu bahati kunaweza kuchubua sahani zaidi na kupunguza uwezekano wa kuokoa kilichomo.

Faida ya HDD ni bei. Kwa fedha ileile unapata nafasi kubwa zaidi kuliko SSD.

Aina ya pili ni SSD. Haina kitu kinachozunguka. Huhifadhi taarifa kwenye vipande vya kielektroniki, kama flashi au kumbukumbu ya simu yako, ila kwa kasi kubwa zaidi. Ni ndogo, nyepesi, haina mlio na huvumilia kuanguka kuliko HDD. Kwa nyumba yenye mtoto anayevuta kila waya anaouona, hilo pekee ni sababu tosha ya kuifikiria.

SSD nayo ina udhaifu wake. Ikikaa muda mrefu sana bila umeme inaweza kupoteza taarifa taratibu. Usiifungie sandukuni miaka mitatu ukategemea kukuta kila kitu. Ichomeke kwenye kompyuta kila baada ya miezi michache na ufungue mafaili kadhaa kuona kama yako salama. Pia, SSD ikifa mara nyingi hufa ghafla bila mlio wa kukuonya.

Anza na kompyuta yako, si na duka

Hili ndilo kosa linalokula fedha za wengi. Diski ya nje haiwezi kwenda haraka kuliko tundu ulilolichomeka.

Tazama pembeni mwa kompyuta yako. Matundu ya USB ya mstatili yenye plastiki nyeusi au nyeupe ndani mara nyingi ni USB 2.0, ambayo ni ya tangu mwaka 2000. Yenye plastiki ya bluu, au yaliyoandikwa SS pembeni, mara nyingi ni USB 3.0, iliyotangazwa mwaka 2008. Si watengenezaji wote wanaofuata rangi hizo, kwa hiyo kama huna uhakika tafuta jina kamili la kompyuta yako lililobandikwa chini yake na usome sifa zake mtandaoni.

Tulipochunguza kompyuta ya dada, tulikuta tundu la bluu upande wa kushoto. Diski yake ya kwanza alikuwa akiichomeka upande wa kulia, kwenye tundu jeusi, kwa sababu ndiko meza iliko. Kama angegeuza waya, ile kazi ya usiku mzima ingeisha kabla ya kulala.

Tundu dogo la duaradufu la USB-C nalo lisikudanganye. USB-C ni umbo la tundu tu, si kiwango cha kasi. Kuna kompyuta zenye tundu hilo linalopitisha gigabiti 5 kwa sekunde, nyingine 10, 20 au 40.

Majina yenyewe yamewachanganya hata wauzaji. USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kilekile: gigabiti 5 kwa sekunde. USB 3.2 Gen 2 ni gigabiti 10. USB 3.2 Gen 2x2 ni gigabiti 20, na ili upate kasi hiyo kompyuta nayo lazima iwe na tundu la aina hiyohiyo, jambo ambalo kompyuta nyingi za nyumbani hazina. Usisome jina, soma namba ya gigabiti.

Kumbuka pia kuwa biti si baiti. Baiti moja ina biti nane. Gigabiti 5 kwa sekunde kwenye boksi si gigabaiti 5 za picha zako kwa sekunde. Kwa matumizi halisi, tundu la gigabiti 5 hukupa kama megabaiti 400 hadi 450 kwa sekunde, na la gigabiti 10 hukaribia megabaiti 1,000.

La mwisho katika hili ni diski iliyomo ndani ya kompyuta. Kama kompyuta yako ni ya zamani na ndani ina HDD, itasoma mafaili kwa megabaiti 100 hivi kwa sekunde hata ukinunua diski ya nje ya bei ya ng'ombe. Kwa kompyuta ya hivyo, fedha yako itafanya kazi nzuri zaidi ukimwomba fundi akubadilishie diski ya ndani kuwa SSD kwanza.

Usiamini kila namba ya kwenye boksi

Kasi inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ile ya kunakili faili moja kubwa katika mazingira mazuri. Picha elfu kumi ndogo huchukua muda mrefu kuliko video moja yenye uzito uleule, kwa kuwa kila faili lina shughuli yake ya kufunguliwa na kufungwa.

SSD za bei nafuu pia huanza kwa mbio kisha hupunguza. Zina eneo dogo la haraka ambalo hupokea mafaili kwanza. Eneo hilo likijaa, kasi huanguka, na kwa baadhi huweza kuwa chini ya HDD. Ukiwa na kazi ya gigabaiti 20 hutaona tofauti. Ukihamisha gigabaiti 500 kwa mkupuo utaiona.

Angalia na waya. Waya wa kuchajia simu unaweza kuingia vizuri kwenye diski lakini ukapitisha kasi ya USB 2.0 tu. Tumia uliokuja na diski, na ukiharibika nunua ulioandikwa kasi yake.

Ununue ya ukubwa gani?

Picha ya simu ni kama megabaiti tatu hadi tano. Dakika moja ya video ya kawaida ya HD inaweza kufikia megabaiti 100, na ya 4K ni mara kadhaa ya hapo. Angalia familia yako imetumia nafasi kiasi gani kwa sasa, kisha zidisha mara mbili au tatu. Kwa nyumba nyingi terabaiti 1 inatosha kwa miaka kadhaa. Hiyo ni nafasi ya picha 200,000 za megabaiti tano.

Usishtuke kompyuta ya Windows ikikuonyesha gigabaiti 931 badala ya 1,000. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa makumi, Windows inahesabu kwa mbili mbili.

Jihadhari na feki

Kuna SSD zinazouzwa zikiwa zimeandikwa terabaiti 16 kwa bei ya flashi. Usiguse. SSD za kubeba mkononi zinazopatikana kwa kawaida ni za terabaiti 1, 2 au 4. Za 8 zipo, na bei yake si ya kuokota.

Ndani ya hizo feki mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu, iliyochezewa ili iiambie kompyuta kwamba ina nafasi kubwa. Unanakili, majina ya mafaili yanaonekana, unaridhika. Siku ukifungua picha ya mtoto akiwa na siku tatu, haifunguki, kwa sababu iliandikwa juu ya nyingine.

Ukinunua diski yoyote, ijaribu kabla hujafuta kitu popote. Kuna programu za bure za kazi hiyo: H2testw kwa Windows, na F3 kwa Mac na Linux. Huijaza diski yote kisha huisoma tena kuhakiki kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Huchukua muda, lakini fanya hivyo wakati risiti bado ina nguvu.

Kuiandaa

Kama nyumbani kuna kompyuta ya Windows na ya Mac, ifomati diski kwa mfumo wa exFAT, kwani zote mbili zinausoma na kuuandika. Ikija na FAT32, ibadilishe, maana mfumo huo haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na video ndefu ya mahafali inaweza kuzidi hapo. NTFS ni nzuri kwa Windows, ila Mac kwa kawaida huisoma tu bila kuiandika. Kumbuka kuwa kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo fanya hivyo ikiwa tupu.

Usichomoe waya ghafla. Bonyeza kwanza alama ya kuondoa diski kwa usalama, hasa kwa exFAT, ambayo huharibika kirahisi ikikatishwa katikati ya kazi.

Kama unahifadhi majibu ya vipimo au video za mtoto akiwa mgonjwa, ifunge diski kwa nywila. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtoto wako atakua siku moja na kuwa mtu mzima mwenye siri zake. Mac ina uwezo huo ndani yake. Windows toleo la Pro lina BitLocker. Baadhi ya diski huja na programu yake. Andika nywila hiyo kwenye daftari na uiweke mahali wewe na mwenzako mnapajua, kwani ukiisahau hakuna fundi wa kukufungulia.

Kwa wenye CD za CT scan au MRI: kompyuta nyingi mpya hazina tena sehemu ya CD. Tafuta yenye nayo mapema na unakili CD yote kama ilivyo, pamoja na programu iliyomo ndani yake. Kupiga picha kwa simu kwenye kioo cha kompyuta hakumsaidii daktari, kwa sababu anahitaji kupitia kipande kimoja baada ya kingine na kubadili mwangaza.

Kosa letu halikuwa diski

Nimeacha jambo hili mwisho kwa sababu ndilo lililotuuma zaidi. Dada hakuwa na nakala ya akiba. Alihamisha zile video kutoka kompyuta kwenda diski, kisha kompyutani hazikuwepo tena. Kitu kilichopo mahali pamoja tu si nakala, hata kikiwa kwenye diski ya bei kubwa kuliko zote mjini.

Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, inayoitwa tatu, mbili, moja. Kuwa na nakala tatu za kitu muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba yako. Ya nje inaweza kuwa mtandaoni kama una bando la kutosha, au diski ya pili kwa bibi yao. Moto, mafuriko na mwizi havichagui kifaa, vinachukua vyote vilivyo ndani ya nyumba.

Sisi tulifanyaje? Kompyuta ya dada ina SSD ndani na tundu la gigabiti 5. Hatukununua diski ya gigabiti 20 aliyotusifia muuzaji, kwa sababu tundu lisingeipa nafasi ya kukimbia. Tulichukua SSD ya terabaiti 1 ya kasi ya kawaida, na fedha iliyobaki ikanunua HDD ya bei nafuu inayokaa kwa mama yetu na kusasishwa kila tunapokwenda kumsalimia. Zile video chache muhimu zipo pia mtandaoni.

Kila Jumapili jioni, wakati maharage yanaiva, dada huchomeka diski upande wa kushoto, hunakili mapya ya wiki, huyafungua mawili matatu kuhakikisha, kisha huichomoa na kuirudisha kabatini. Humchukua dakika chache, na mtoto haioni hata hiyo waya.

Mwezi uliopita walirudi kliniki. Daktari aliomba kuona kipindi cha mwisho alichopata mtoto, na tarehe yake. Dada alitoa diski kwenye mkoba, na safari hii video ilifunguka.